Kupanda Kilima cha Karema

Ngome ni jengo au mzingo wa kuta uliojengwa ili watu wachache waweze kujihami dhidi ya watu wengi, na katika Kiswahili neno hilo lina ndugu wawili ambao msomaji wa Rukwa huwatumia kila siku bila kufikiri walikotoka. Wa kwanza ni boma, ambalo kwa asili ni ua wa miti au miiba unaozungushiwa zizi au kijiji, likaja likawa jina la jengo lenye kuta nene ambalo Wajerumani walilijenga katika makao ya wilaya zao. Na hadi leo mkazi wa Namanyere anayekwenda kwa Mkuu wa Wilaya husema anakwenda bomani, ingawa huko aendako hakuna mzinga wala askari aliyelala juu ya ukuta. Wa pili ni gereza, lililotokana na neno la Kireno igreja, maana yake kanisa, kwa sababu Wareno waliweka nyumba za ibada ndani ya ngome zao za pwani, na ngome hizo baadaye zikatumika kufungia watu. Neno moja likaishia ofisini na jingine kifungoni, na yote mawili yalianzia ukutani.

Ngome za pwani zinajulikana vya kutosha. Ngome ya Yesu ya Mombasa, ambayo Wareno waliijenga kati ya mwaka 1593 na 1596 kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, ikazingirwa na majeshi ya Oman tangu 1696 hadi 1698 na hatimaye ikaingizwa mwaka 2011 katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, ina waongozaji, tiketi na vitabu. Ngome Kongwe ya Unguja na Gereza la Kilwa Kisiwani nazo zina wageni wao. Mtu wa Ufipa anapotajiwa utalii wa ngome huelekeza fikra zake huko huko, kana kwamba kuta za zamani ni mali ya watu wa bahari. Hali si hiyo. Ziwa Tanganyika nalo ni bahari ya aina yake, lenye urefu wa kilomita zipatazo 670 na kina kinachokaribia mita 1,470, na kwenye ufuko wake wa mashariki zilisimamishwa ngome mbili zilizobadili historia ya eneo zima: moja Karema, upande wa kaskazini, ambako leo ni Mkoa wa Katavi, na nyingine Kasanga, upande wa kusini, katika Wilaya ya Kalambo. Namanyere iko kati ya hizo mbili, na kwa hiyo ni mahali pazuri pa kuanzia safari ya kuzitazama zote.

Karema ndiyo yenye kisa kirefu zaidi, na inafaa kuanza nayo. Mwezi Septemba 1876 Mfalme Leopold II wa Ubelgiji aliita wataalamu wa jiografia na wasafiri mjini Brussels, na mkutano huo ukazaa Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika, chombo kilichojitangaza kuwa cha sayansi na cha kupinga biashara ya watumwa, ambacho baadaye kilidhihirika kuwa ngazi ya mfalme huyo ya kujipatia Kongo. Mpango wa kwanza wa jumuiya ulikuwa kujenga vituo kuanzia pwani ya Zanzibar kuelekea bara, ambamo wasafiri wangepata chakula, dawa na ulinzi. Msafara wa kwanza ulipata hasara kubwa hata kabla ya kufika: Kapteni Crespel na Daktari Maes walikufa Zanzibar mwanzoni mwa mwaka 1878, na mwenzao Wautier akafa njiani mwaka huo huo. Aliyesalia, Luteni Ernest Cambier, aliendelea na safari, akafika Karema mwezi Agosti 1879, akapatana na mtawala wa mahali hapo juu ya ardhi, akaanza kujenga. Hicho ndicho kilichokuwa kituo cha kwanza cha jumuiya ile katika bara la Afrika, na kwa maana hiyo ukoloni wa Kibelgiji, ambao watu wengi huuhusisha na Kongo peke yake, ulitia mguu kwanza katika ardhi ambayo sasa ni Tanzania.

Mahali palipochaguliwa palikuwa kilima kidogo katika nchi ya Wabende, kaskazini mwa Ufipa, ziwa likiwa karibu sana na bwawa likiwa upande. Wazungu waliopita hapo mwanzoni hawakupasifu, kwa kuwa mbu walikuwa wengi na homa haikukatika, lakini mwenye kutafuta mahali pa kujihami hutazama vitu vingine: kilima humpa mlinzi macho ya mbali, maji humpunguzia upande mmoja wa kulinda, na njia ya majini humwachia mlango wa kutokea pindi njia ya nchi kavu inapofungwa. Kazi ya kujenga iliendelea chini ya makapteni kadhaa waliofuatana, miongoni mwao Ramaeckers, aliyefia hapo hapo Karema mwaka 1882, na mikono iliyobeba mawe, iliyokanda udongo na iliyokata miti ilikuwa ya wapagazi na askari walioajiriwa Zanzibar na Unyanyembe pamoja na wenyeji. Majina ya makapteni yamehifadhiwa vitabuni. Majina ya wakanda udongo hayakuandikwa, na mgeni anayegusa ukuta ule anagusa kazi yao.

Kisa cha Karema hakiwezi kuelezwa bila tembo, na hapa inafaa kukaa kidogo, kwa sababu ni watu wachache wa Rukwa na Katavi wanaojua kwamba tembo wa Kihindi aliwahi kuvuka nchi yao akiwa na mzigo mgongoni. Shida kubwa ya misafara ya wakati ule ilikuwa uchukuzi: ndorobo, yaani mbung'o, waliua ng'ombe, farasi na punda, na kila kitu kilibebwa kichwani na binadamu. Leopold alifikiri kwamba tembo waliofunzwa kazi huko India wangeweza kustahimili safari hiyo, kisha wakatumika kuwafundisha tembo wa Afrika. Katikati ya mwaka 1879 tembo wanne walifikishwa Msasani, karibu na Dar es Salaam, wakashushwa kutoka melini, wakaogelea hadi ufukweni. Aliyewaongoza alikuwa Mwailandi Frederick Carter, na pamoja naye walikuwemo Wahindi waliokuwa na ujuzi wa kuwaongoza wanyama hao.

Katika njia ya kutoka pwani tembo hao walipita katika maeneo yenye ndorobo bila kudhurika kama ng'ombe wanavyodhurika, jambo lililowafurahisha wenye mpango, lakini mizigo mizito, joto na malisho wasiyoyazoea viliwamaliza mmoja baada ya mwingine. Watatu walikufa kabla ya mwisho wa safari. Mmoja tu, tembo jike aliyeitwa Pulmalla, ndiye aliyefika Karema, mwishoni mwa mwaka 1879. Carter mwenyewe hakudumu: mwezi Juni 1880, akiwa safarini kurudi pwani pamoja na mwenzake Cadenhead, aliuawa Mpimbwe katika vita vilivyohusisha majeshi ya Mirambo, mtawala wa Wanyamwezi wa Urambo. Mpimbwe ni jirani. Wasafiri wa barabara ya Sumbawanga na Mpanda huisikia ikitajwa kila siku kwa habari ya mpunga na ng'ombe. Habari ile ya tembo na vita haitajwi, na ni hasara kwa vijana wanaosomeshwa historia ya misafara kwa mifano ya mbali ilhali mfano mkubwa uko mlangoni pao.

Mtawala wa mwisho wa kijeshi wa Karema alikuwa Kapteni Émile Storms, aliyeshika kituo tangu 1882 hadi 1885. Huyu ndiye aliyevuka ziwa na kuanzisha kituo cha Mpala kwenye ufuko wa magharibi mwaka 1883, na ndiye ambaye askari wake, mwezi Desemba 1884, walimshambulia na kumuua mtawala Lusinga wa huko ng'ambo. Kichwa cha Lusinga kilikatwa, na fuvu lake likapelekwa Ubelgiji pamoja na sanamu ya mti iliyokuwa ya ukoo wake, sanamu ambayo mpaka leo imo katika jumba la makumbusho la Tervuren, karibu na Brussels. Mwongozaji yeyote anayempandisha mgeni kilimani Karema na kumsimulia habari za sayansi na za kupinga utumwa bila kumtajia Lusinga anamnyima nusu ya habari. Ukuta uliodaiwa kujengwa ili kuwahifadhi wasafiri uligeuka kuwa mahali pa kuandalia mashambulizi, na haya mawili yapaswa kusemwa kwa pamoja.

Mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885, ambamo mataifa ya Ulaya yaliafikiana masharti ya kugawana Afrika, ulimpa Leopold alichokitaka upande wa magharibi wa ziwa, na upande wa mashariki ukaangukia katika eneo la Wajerumani. Karema haikuwa na faida kwake tena. Mwaka 1885 kituo kikakabidhiwa kwa Wamisionari wa Afrika, wanaojulikana zaidi kwa jina la White Fathers, shirika lililoanzishwa Algiers mwaka 1868 na Askofu Lavigerie, ambaye baadaye alikuwa kardinali. Mapadri wakahamia ndani ya ngome. Hapo ndipo boma la vita lilipoanza maisha yake marefu zaidi, kama misheni, na ni kwa sababu ya makabidhiano hayo kwamba masalia yake yapo mpaka leo katika eneo la kanisa: jengo la udongo lisilokaliwa huanguka upesi, lakini jengo lenye watu hupigwa lipu, huezekwa upya na kuzibwa nyufa.

Msafiri anayetoka Namanyere ana njia mbili za kufika Karema. Ya kwanza ni ya nchi kavu, kuelekea kaskazini kupitia Kizi na Sitalike, mahali barabara inapopita kandokando ya viboko wa Mto Katuma na ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, hadi Mpanda, kisha kugeukia magharibi na kuteremka ziwani. Ya pili, ambayo ndiyo yenye raha kwa mtu asiye na haraka, ni kushuka kutoka uwanda wa juu hadi Kirando na Kipili, na kufuata ufuko kwa boti kuelekea kaskazini kupitia Kabwe. Njia hii ya pili ndiyo inayomwonyesha msafiri jinsi ziwa lilivyokuwa barabara kuu ya watu wa eneo hili kabla ya magari, na inamfikisha Karema kwa upande ule ule uliotazamwa na walinzi wa zamani. Katika miezi ya kiangazi, hasa kuanzia Mei hadi Septemba, upepo wa kusi huvuma kwa nguvu na kuinua mawimbi, kwa hiyo neno la nahodha kuhusu saa ya kuondoka lifuatwe bila ubishi, na jaketi la kuokolea livaliwe hata na mtu anayejua kuogelea.

Kilima chenyewe si cha kumtoa mtu jasho, na mzee anaweza kukipanda polepole kwa mkongojo. Thamani ya kupanda haiko katika urefu, iko katika kile kinachoonekana kutoka juu. Kati ya mguu wa kilima na maji ya ziwa kuna ardhi tambarare, na mgeni asiyeelezwa huiona kuwa uwanda wa kawaida tu. Cambier alipofika mwaka 1879, maji yalikuwa karibu zaidi na kilima. Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutolea maji, Mto Lukuga ulio upande wa Kongo, na katika miaka iliyotangulia mlango huo ulikuwa umezibwa na mchanga, udongo na magugu, hata maji yakajaa na kupanda. Karibu na mwaka 1878 kizuizi hicho kilivunjika, maji yakaanza kutoka kwa kasi, na kwa muda wa miaka isiyozidi ishirini ziwa likashuka kwa takriban mita 10. Ngome iliyojengwa ili iwe na maji miguuni ikaachwa nchi kavu, huku bandari yake ikisogea mbali mwaka hadi mwaka.

Kwa hiyo mtu anayesimama juu ya kilima cha Karema akitazama magharibi anatazama sakafu ya ziwa la zamani. Ni maeneo machache katika Tanzania ambapo badiliko la maji linaweza kuonekana kwa jicho namna hii, bila chombo chochote, kwa kulinganisha mahali ukuta ulipo na mahali wimbi lilipo. Wakazi wa ufukweni wanalielewa jambo hili kuliko mtu yeyote, kwa kuwa miaka ya 2020 na 2021 ziwa lilipanda tena na kuingia katika nyumba na gati za miji mingi ya mwambao.

Baada ya kutazama mbali inafaa kutazama karibu. Ngome nyingi za udongo za karne ya 19 zilijengwa kwa matofali mabichi, yaani yaliyofyatuliwa kwa kalibu na kukaushwa juani bila kuchomwa tanurini, na msomaji wa Namanyere hahitaji mwalimu katika jambo hili, kwa kuwa tofali la namna hiyo bado hufyatuliwa kila kiangazi pembeni mwa viwanja vya ujenzi. Mahali lipu ilipobanduka, tofali bichi la zamani huonyesha vipande vya majani yaliyochanganywa na udongo ili lisipasuke, punje za mchanga mnene, na pengine alama ya kidole cha mtu aliyesawazisha udongo kwenye kalibu. Adui wa tofali hilo si risasi. Adui wake ni maji yanayoruka kutoka ardhini mvua inaponyesha, yakalamba sehemu ya chini ya ukuta kidogo kidogo mpaka ukuta unakuwa mwembamba miguuni na mnene kichwani, kisha siku moja unalala.

Katika kuta za namna hii mgeni atafute pia vitu viwili ambavyo vina majina yake. Buruji ni sehemu ya ukuta inayojitokeza nje kwenye pembe, ili askari aliye ndani yake aweze kuupiga kwa risasi uso wa ukuta kutoka ubavuni. Pasipo buruji, adui aliyeufikia ukuta na kujibana chini yake angekuwa salama, kwa sababu aliye juu hawezi kumwona bila kujitokeza. Tundu la bunduki nalo hujengwa likiwa pana upande wa ndani na jembamba upande wa nje, ili mpigaji apate nafasi ya kugeuza mtutu wake kulia na kushoto ilhali aliye nje anaona ufa mdogo tu. Mtu akishayajua haya mawili anaweza kuisoma ngome yoyote duniani, iwe ya Mombasa, ya Muscat au ya Ulaya, na atajua mara moja ni upande upi waliomo ndani walikuwa wakiuogopa zaidi.

Lakini aliyeipa Karema heshima yake kubwa zaidi hakuwa askari. Adrian Atiman alizaliwa karibu na Timbuktu, katika nchi ambayo sasa ni Mali, akatekwa na wafanyabiashara wa watumwa akiwa mtoto, akavushwa jangwa la Sahara, akakombolewa na White Fathers nchini Algeria, kisha akapelekwa Malta kusomea udaktari. Alifika Karema mwaka 1889, na akaishi na kutibu watu hapo hadi alipofariki mwaka 1956. Hiyo ni miaka 67. Alitibu vidonda, homa, macho na majeraha ya wanyama, akajifunza dawa za miti kutoka kwa waganga wa kienyeji, na akaandika kumbukumbu za maisha yake ambazo zilichapishwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Maofisa wa Kibelgiji walikaa Karema kwa miaka sita hivi na kila mmoja wao aliondoka au alikufa. Mtu aliyewahi kuwa mtumwa, kutoka upande mwingine kabisa wa Afrika, ndiye aliyebaki. Kama Karema ingekuwa na kibao kimoja tu cha kuandikwa jina moja tu, jina hilo lingestahili kuwa la Atiman.

Kwa sababu ya misheni hiyo, Karema ilikuwa kwa miaka mingi jina kubwa kuliko Sumbawanga katika mambo ya kanisa: mwaka 1953 likawa jina la jimbo zima, na ni baadaye ndipo makao na jina vilipohamia Sumbawanga. Siku hizi Karema inasikika kwa habari ya bandari mpya iliyojengwa na Serikali kwa ajili ya shehena ziendazo Kongo. Bandari italeta watu, na watu wataleta mahitaji ya viwanja, mawe na matofali, jambo ambalo majengo ya zamani hayajawahi kulipona kwa urahisi mahali popote.

Kasanga, upande wa kusini, ni safari ya namna nyingine, na inaweza kuunganishwa na maporomoko ya Kalambo, ambayo maji yake huanguka kwa zaidi ya mita 200 kwenye mpaka wa Tanzania na Zambia. Wajerumani walijenga boma lao Kasanga, juu ya rasi inayolitazama ziwa, wakalipa jina la Bismarckburg kwa heshima ya kansela wao wa zamani Otto von Bismarck. Walikuwa na kituo kingine chenye jina hilo hilo huko Togo, na wasomaji wa nyaraka za zamani huchanganya vituo hivyo mara kwa mara. Kwa miaka mingi Bismarckburg ilikuwa makao ya wilaya iliyotawala Ufipa, na kodi ya kichwa, kesi na adhabu za watu wa uwanda wa juu ziliamuliwa huko chini, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu.

Vita ya Kwanza ya Dunia ndiyo iliyolifikisha boma hilo katika vitabu vya kijeshi. Waingereza walikuwa wamevusha mashua mbili ndogo, Mimi na Toutou, kutoka Afrika Kusini kwa reli, kwa kukokotwa porini na kwa mto hadi ziwani, wakaiteka meli ya Kijerumani Kingani mwezi Desemba 1915 na kuizamisha Hedwig von Wissmann mwezi Februari 1916. Mwezi Juni 1916 mashua zao zilifika mbele ya Bismarckburg wakati kikosi cha nchi kavu kikitokea Rhodesia ya Kaskazini. Kamanda wa majini, Spicer-Simson, aliiona ngome na mizinga iliyoelekezwa majini, akageuza na kuondoka. Wajerumani wakapata nafasi ya kutoroka kwa mitumbwi, na kikosi cha nchi kavu kikaingia katika boma tupu. Inasimuliwa kwamba baadhi ya mizinga ile iliyomtisha kamanda ilikuwa ya mti. Mwezi uliofuata Wajerumani wenyewe waliizamisha meli yao kubwa, Graf von Götzen, karibu na Kigoma. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, wakairudisha kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba, na ndiyo iliyobeba wasafiri na dagaa wa Kasanga, Kipili na Karema kwa vizazi vilivyofuata.

Ingekuwa kosa, hata hivyo, kumwachia msomaji fikra kwamba kujenga ngome kuliletwa na wageni. Katika miaka ya 1840 Wangoni wa Zwangendaba walifika Ufipa kutoka kusini, na kiongozi wao huyo akafia huku. Misukosuko hiyo, pamoja na ya misafara ya watumwa iliyofuata, iliwafanya watu wengi wa kusini-magharibi kukaa katika vijiji vilivyozungushiwa magogo yaliyosimamishwa na kufungamanishwa. Mojawapo ya ngome kubwa za bara ilikuwa Kalenga, karibu na Iringa, ambayo Mtwa Mkwawa wa Wahehe aliizungushia ukuta wa kilomita nyingi, na ambayo Wajerumani waliiteka tarehe 30 Oktoba 1894 kwa mizinga. Boma la magogo huoza, ndiyo maana mgeni halioni tena. Kutoonekana kwake si ushahidi kwamba halikuwapo.

Na Ufipa una kitu kingine kilichosimama, ambacho ni cha wenyeji kwa asilimia mia. Malungu, kwa umoja ilungu, ni matanuri marefu ya kuyeyushia chuma, yaliyojengwa kwa udongo wa vichuguu hadi kufikia kimo cha mtu mmoja na nusu au zaidi, yenye matundu kuzunguka chini ili hewa iingie yenyewe bila kuvutwa na mivukuto. Profesa Bertram Mapunda, mwanaakiolojia wa Tanzania, ameyafanyia utafiti mkubwa katika eneo la Nkasi. Yapo mashambani na vichakani, mengine yakiwa nusu, mengine yakiwa duara tu la udongo mwekundu na takataka za chuma, na mtu anayekwenda Karema kutazama ukuta wa udongo ingefaa atazame kwanza ilungu moja karibu na nyumbani, apate kuona kwamba ujuzi wa kuusimamisha udongo juu ulikuwapo kabla ya tofali la Mzungu.

Kuhusu ulinzi wa maeneo haya, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inahesabu kuwa mnara wa kale, bila tangazo lolote la ziada, jengo au ngome iliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Karema ilijengwa 1879, miaka 16 baada ya mstari huo, na Kasanga baadaye zaidi. Majengo ya umri huo hupata ulinzi pale tu Waziri anapoyatangaza, na mpaka tangazo litoke, mlinzi wake ni jirani. Mstari wa 1863 uliwafaa watu waliokuwa wakiifikiria Kilwa na Bagamoyo. Kwa bara, ambako kuta nyingi zilizobaki ni za miaka ya 1870 hadi 1900, unaacha nje karibu kila kitu, na ungepaswa kusogezwa.

Mgeni anayekwenda aanzie ofisi ya parokia au ya kijiji, aombe ruhusa, kwa kuwa Karema ni makazi na mahali pa ibada kabla ya kuwa mahali pa matembezi. Asipande juu ya ukuta wenyewe, hata ukionekana imara, asichimbe, na asiondoke na kipande cha tofali mfukoni. Walimu wa Nkasi wanaotafuta safari ya wanafunzi ya likizo ya katikati ya mwaka wanaweza kwenda na kurudi kabla ya mvua kuanza, wakiwa na daftari na kalamu. Mtoto aliyefungwa kidonda na Atiman mwaka 1950 akiwa na umri wa miaka mitano amevuka sasa miaka 75, na wazee wa rika hilo bado wapo mwambaoni. Waulizwe mwaka huu.